Ubeti wa Jamilah Ambao Haukuzikwa

Watu wa Bukoto, mtaa wa Kampala, walimsalimu Hajati Ayesha Kamis kwa tahadhari. Aliyepita mbele ya kibaraza chake alinyoosha shati, akapunguza sauti, akakagua viatu vyake. Si kwamba bibi alikuwa mkali. Alikuwa na macho tu, na alichokiona Jumatatu kingeweza kuimbwa harusini Jumamosi, kwa Kinubi, mbele ya ukoo mzima, watu wakacheka hadi kushika mbavu.

Kazi hiyo aliianza akiwa msichana, na sasa ana miaka sabini na mmoja. Mababu zake Wanubi walikuwa askari wa Kisudani waliofika hapa na bunduki begani. Bunduki hakuzirithi, shabaha aliirithi. Mchana alisuka kawa za kufunikia chakula, na beti zake alizitunga humo humo, mstari mmoja kwa kila mzunguko wa ukindu. Mstari usipompendeza, alifumua mzunguko wote. Ukiona kawa imechelewa kuisha, ujue kuna mtu mtaani ana kasoro isiyosemeka kirahisi.

Tena alikuwa na sheria. Ubeti huimbwa mara moja, mbele ya mwenyewe. Aliyeimbwa husimama, akajifunika leso kichwani, akacheza katikati ya watu, na hapo ubeti umezikwa. Haurudiwi na mume, mke mwenza wala adui. Ndiyo maana hata familia zilizochekwa vibaya ziliendelea kumwalika. Miaka yote hiyo ni ubeti mmoja tu ulioponyoka. Alimwimba Jamilah, mke wa Rajab dereva, akamsema mwendo wake, na Jamilah hakusimama. Alijifunga leso yake kiunoni, akatoka harusini. Mwaka haukuisha akafa kwa homa, akaacha mtoto wa miaka mitatu. Hajati hakumwambia mtu kwamba ubeti ule humjia hadi leo akiwa anasuka, bila kuitwa.

Sasa mtoto yule, Abdul-Latif, ni mtu mzima mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Alipoanza kuja kila Ijumaa baada ya swala na kilo ya sukari mkononi, moyo wa bibi ulimwambia hapa pana jambo. Mwanamume haleti sukari pasipo msiba wala posa, na posa ya nani tena kwa bibi wa umri ule? Kijana alikaa mkekani, akailaza simu yake kifudifudi, akauliza habari za beti za zamani. Mpya hakuzitaka.

"Zimezikwa," Hajati alimjibu.

"Zote, Hajati?"

Swali hilo lilimchoma. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kahambu, jirani Mkongo aliyeshona nguo chumba cha pili, akazidi kuuchochea moto. Wao wawili walizungumza Kiswahili, kwa kuwa lugha nyingine ya kukutania hawakuwa nayo.

"Mama Hajati, ile simu iko inarekodi. Watu wa vile nawajua. Atapeleka sauti yako ku redio."

"Redio nini," alisema Hajati. "Huyo anataka kitu ingine."

Ijumaa iliyofuata alimtegea kijana mtego. Alimwimbia ubeti alioutunga asubuhi ile ile, wa mwanamume wa Ggaba aliyemnunua sangara, akamwogopa, akamwomba mkewe ambebee. Mtu huyo hayupo duniani. Kisha Hajati akatega sikio wiki mbili, sokoni na kwenye harusi moja ya Naguru, aone kama uongo wake utamrudia kwa mdomo wa mwingine. Haukurudi. Mwenzangu na mimi tungelala usingizi, lakini yeye hofu ilimzidi. Mwizi asiyeuza alichoiba ana shughuli nacho. Akaanza kuiona siku yenyewe: kijana anasimama harusini, anamwuliza mbele ya watu kwa nini alimwaibisha mama yake hadi akafa. Nani angemwalika tena? Na kijana angekuwa na haki, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ijumaa ya sita uvumilivu ulimwishia. "Geuza simu yako niione."

Abdul-Latif aliigeuza. Kioo kilikuwa kimepasuka kona hadi kona. Aliilaza kifudifudi kwa aibu, basi. Hakuna kilichokuwa kikirekodiwa.

"Sasa unatafuta nini kwangu? Sema nisikie."

Kijana aliinamia mkeka. "Nyumbani hakuna picha yake hata moja. Wanasema ulimwimba mama yangu, ukasema alivyotembea. Sina mwingine wa kunionyesha."

Mikono ya Hajati iliacha kusuka. Aliona haya, haya ya kweli, kama hakuwahi kumtia mtu haya maisha yake yote.

"Nilimwonea," alisema. "Nikikuimbia, ukasimama ukacheza kwa niaba yake, ubeti umezikwa. Hutausikia tena, kwangu wala kwa yeyote. Usiposimama utabaki nao, pamoja na aibu yake."

"Niimbie."

Akaimba. Mimi ubeti wenyewe siuandiki, msinidai. Ulipokwisha, Abdul-Latif hakusimama. "Tena," alisema. Akaimba tena. Mara ya nne midomo ya kijana ilikuwa ikiufuata, na katika mstari fulani akacheka kwa sauti, machozi yakimtoka. Chumba cha pili, cherehani ya Kahambu ilikuwa imesimama.

Mara ya saba ilipokwisha, kijana akaomba leso. Hajati alivua ya mabegani mwake akampa. Akajifunika kichwa, akainuka, akacheza kutoka mkekani hadi mlangoni na kurudi, na bibi, kwa mara ya kwanza, akaitazama miguu yake. Mwendo ulikuwa ule ule wa Jamilah, hatua kwa hatua. Ijumaa sita alimjia na mwendo huo, naye macho yake yote yalikuwa kwenye sukari.

Alipoondoka, Kahambu akaja mbio. "Alikuwa anasema nini ule wimbo, Mama Hajati?"

"Imezikwa," alisema Hajati, na hakuondoa macho barabarani mpaka Abdul-Latif alipokata kona.