Dakika arobaini za kusubiri nusu nauli

Saa mbili kasorobo asubuhi, geti la karakana ya makochi linafunguliwa na mafundi wanaingia mmoja mmoja. Wa tano ni mwanamume mrefu wa miaka arobaini na mmoja, vidole vyake vimejaa alama za sindano. Mlinzi anamtania.

"Siku hizi umekuwa bosi, Fundi Sponji! Unaingia na wenzako!"

"Nimechoka kukulindia geti," anajibu, na wote wanacheka.

Anavaa koti la kazi, anapiga magoti mbele ya kochi la watu watatu na kuanza kung'oa pini za kitambaa kwa bisibisi. Vumbi linamwingia puani. Anapiga chafya mbili, kisha anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Humu utakuta kila kitu," anasema. "Vitana, kalamu, meno ya bandia. Siku moja nilikuta cheti cha ndoa. Mwenyewe akaniambia nikirudishe humo humo, nikishonee."

Utani wa mlinzi una historia. Kwa karibu miaka miwili Fundi Sponji alikuwa anafika hapa saa kumi na mbili na robo, akakaa kwenye benchi la nje mpaka geti lifunguliwe. Wenzake walidhani ni bidii. Ilikuwa nauli.

Alikuja mjini miaka mitatu iliyopita, baada ya karakana ya kwao kufungwa. Mkewe na binti yao walibaki kwa wakwe. Aliongozana na baba yake, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Hospitali ya macho iko huku.

Walipanga chumba kimoja karibu na kituo cha mwisho cha treni, kwa kuwa huko kodi ni nafuu. Lakini mwezi wa kwanza nauli ilimla robo ya mshahara.

"Nilipofungua bahasha ya mshahara, robo yake ilikuwa imeshapanda treni," anasema.

Mlinzi ndiye aliyemfungua macho. "Mgeni, usipande treni na mabosi. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ni nusu nauli. Ukishachelewa hapo, subiri saa mbili usiku. Wenyeji ndivyo tunavyoishi."

Tangu siku hiyo akawa anaondoka alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Alitoka kazini saa kumi na moja jioni, akakaa kituoni saa tatu nzima akingoja bei ishuke. Aliokoa shilingi elfu moja kwa siku, na zote zikaingia kwenye mkebe wa kulipia upasuaji wa macho ya baba.

Mzee alilala mapema na kuamka jua likiwa juu. Mwanawe alimwacha amelala na kumkuta amelala. Walikuwa wanaachiana salamu kwa jirani wa mlango wa pili, mwanamke anayeuza mitumba.

"Mzee ananiuliza, 'Mwanangu alikula jana?' Namwambia alikula," anakumbuka jirani huyo. "Sijui kama alikula. Nitamwambiaje mzee kwamba sijui?"

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao, lakini Fundi Sponji aliilala yote. Baba yake alibeba kigoda akakaa mlangoni. Watoto wa jirani wakipiga kelele, aliinua fimbo yake hewani: "Nyamazeni, mwanangu amelala."

Ilichukua mwaka mmoja mkebe kutosha jicho moja. Siku bandeji ilipoondolewa, mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Mbona umezeeka hivi, mwanangu?"

"Nilicheka," anasema Fundi Sponji. "Kisha nikatoka nje ya wodi, nikalia kama mtoto."

Wiki hiyo hiyo mzee aliomba jambo moja. Alimtaka mwanawe apande treni ya saa moja asubuhi, hata siku moja katika wiki, wanywe chai pamoja.

"Baba, tumalize jicho la pili kwanza."

"Haya," mzee akasema. "Wewe ndiye dereva."

Mwaka jana, siku ya Jumatano, Fundi Sponji alikuwa amekaa kituoni kama kawaida. Simu ikaita. Alikuwa jirani wa mitumba.

"Baba yako hajisikii vizuri. Kifua kinambana kidogo. Anakuulizia."

"Amekula?"

"Amekunywa uji. Anasema usiwe na wasiwasi, ila uje."

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Treni ilikuwa imesimama mbele yake, milango wazi.

Hapa anaacha kung'oa pini. Anaweka bisibisi sakafuni, anaifuta mikono kwenye koti, anaifuta tena.

"Nilijiambia ni dakika arobaini tu. Uji amekunywa. Nikaiacha ikaondoka."

Alipanda ya saa mbili. Mzee alikata roho saa mbili na nusu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa muuza mitumba. Mwanawe alifika saa tatu kasoro dakika tano.

"Daktari aliniambia ni moyo, nisijilaumu, hata ningewahi asingepona. Namwelewa. Lakini mimi sisemi ningemponya. Ningemkuta."

Anaokota bisibisi. "Niliokoa shilingi mia tano," anasema.

Fedha za jicho la pili ndizo zilizolipia gari la kumrudisha mzee kwao.

Msibani, kabla mwili haujasafirishwa, majirani wa mjini walikaa uani wakimzungumzia marehemu, na Fundi Sponji akagundua kwamba wanamjua baba yake kuliko yeye. Walijua miaka aliyoendesha greda akichonga barabara za vijijini. Walijua nyimbo alizokuwa akiimba. Muuza mitumba akamgeukia.

"Na siku uliyozaliwa wewe! Mvua imekata barabara, gari hakuna, mama yako ana uchungu. Mzee akampakia kwenye greda la serikali mpaka zahanati. Kila akikumbuka mwendo ule wa konokono alicheka hadi machozi."

"Mimi?" akauliza Fundi Sponji.

"Wewe. Kwani hakukuambia?"

Hakuwa amemwambia. Pengine alikuwa anangoja Jumapili moja mwanawe aamke.

Baada ya matanga alirudi kazini na kupanda treni ya nusu nauli kwa siku mbili. Siku ya tatu hakuondoka alfajiri. Alikaa kitandani akasikiliza treni ikipita, akaenda na ya saa moja. Tangu hapo akawa analipa nauli kamili, na mfukoni aliisikia.

"Simkatazi mgeni kubana nauli," anasema. "Mji huu usipobana, utakubana wewe. Ila ajue kuna mtu nyumbani anayemlipia hizo saa."

Mwezi uliopita alipata chumba mtaa wa nyuma ya karakana, dakika kumi kwa miguu. Kodi ni mara mbili ya ile ya zamani, choo ni cha watu wengi na dirisha ni moja. Alimpigia mkewe kumweleza. Alimtajia na kodi.

Mkewe akauliza, "Utakuwa unarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na robo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi tafuta shule ya mtoto," mkewe akamwambia. "Tunakuja muhula ukiisha."