Picha Iliyomwacha Mama Nje

Priscilla wa Bisil hakuwahi kununua maziwa kwa imani. Kila mfugaji aliyemletea alikaguliwa uso kwanza, kisha maziwa yakachovywa kidole, yakaonjwa, na bado akaulizwa kama njiani alipita mtoni. Mama huyo alishuku hata mvua ikinyesha mapema. Lakini wateja walimpenda, maana maziwa yake hayakuwa na maji.

Basi mwaka wa 1999 alipokwenda Noonkopir kukaa na mwanawe Leshan, akaona picha kubwa ya harusi ukutani, hakusema hongera. Alihesabu watu. Maharusi, Leshan na Kavata, wapo. Mama mzazi wa Kavata yuko kulia, kofia na yote. Kushoto, pale aliposimama yeye mwenyewe Priscilla siku ile, palibaki kiwiko chenye shanga.

“Huyu msichana amenitoa,” alijiambia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameipokea kwa vigelegele! Wiki nzima hakula chakula cha Kavata bila kukinusa. Kama mkaza mwana alimtaka nje ya picha, kesho angemtaka nje ya boma. Hilo lilimnyima usingizi.

Siku ya nane alichukua nakala ndogo ya picha hiyohiyo, ambamo yeye alikuwemo mzima, akamwambia Kavata, “Twende kwa Wamalwa. Nataka usikie akikutaja.”

Wamalwa, mpiga picha, aliinua negativu, ile filamu ya picha, dirishani. Priscilla alikuwemo, kuanzia kichwa hadi viatu.

“Mama, shida ni karatasi,” alisema. “Filamu yangu ni ndefu kwa upande, upana ni tatu, kwenda juu ni mbili. Hii picha ndogo iko na kipimo hicho hicho, ndio maana mnatosha wote. Lakini karatasi ya kukuza ni fupi, imekaribia mraba. Lazima kitu kibaki nje.”

Priscilla aliweka kidole ukingoni mwa picha, akakisogeza pole pole, kama anayepima maziwa.

“Sawa, karatasi ni fupi. Lakini picha iko na pande mbili. Mbona hukukata kidogo huku, na kidogo kule?”

“Ningekata mabega ya wamama wote wawili.”

“Kwa hivyo ulichagua.”

“Si mimi. Mimi nilichora laini pale niliambiwa.”

“Uliambiwa na nani?” Priscilla alimgeukia Kavata, macho yanang'aa kwa ushindi.

Wamalwa alikohoa. “Na Leshan. Alisema wakwe wakikatwa watakasirika. Lakini mama yake, yeye hawezi kuona ubaya.”

Priscilla alitafuta kiti, akaketi. Kavata alikuwa anatazama sakafu, na Priscilla akatambua kwamba hakushtuka hata kidogo.

“Ulikuwa unajua?”

“Nilijua, Yieyo,” Kavata alisema, akimwita mama kwa Kimaasai.

“Na wiki nzima ninakuchukia, ukanyamaza?”

“Ungenichukia mimi, ungeenda nyumbani ukasahau. Yeye ni mtoto wako.”

Priscilla aliona aibu kumtazama msichana huyo. Na bado, Mungu amsamehe, alitamani kwa moyo wake wote kwamba mkosaji angekuwa Kavata.