Lehemu Isiyokuwa ya Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya watoto pale Sofu, Kibaha, niliungua kidole kabla mtoto yeyote hajaungua. Nilikuwa nimetoka kiwandani Zegereni, ambako kwa miaka mingi nilitengeneza bodi za mitambo, nikadhani kufundisha watoto ni kazi ya kupumzikia. Mtoto mmoja alishika pasi ya kulehemu kama mwiko wa ugali. Nikaruka kumnyang'anya, nikashika upande wa moto. Mratibu wa karakana, bwana mpole asiyepaza sauti, alinikuta napuliza kidole.

"Pole, Mama. Hapo ulikuwa unakimbilia wapi?"

Mimi tangu utoto sijui kutulia.

Kwa ninyi vijana ambao hamjawahi kulehemu, kazi yenyewe ni kuunganisha kifaa cha umeme na bodi, kile kibao kinachokibeba, kwa risasi iliyoyeyuka. Unapasha moto mguu wa kifaa pamoja na bodi, unahesabu moja mpaka tatu, ndipo unagusisha waya wa risasi uyeyuke wenyewe. Ikiiva, inang'aa na kuteremka pande zote kama kichuguu. Ukifanya haraka unapata tuliyoiita lehemu mbichi, yaani donge la kijivu lililokaa juu juu tu, na taa haiwaki.

Risasi ni sumu, kwa hiyo kila kipindi kilipoisha watoto walikwenda bombani kunawa kwa sabuni. Wakiwa huko, mimi nilipita mezani chapuchapu nikizipasha upya lehemu mbichi mpaka ziive. Walirudi, wakabonyeza swichi, taa zikawaka, wakashangilia. Nilifanya hivyo miaka yote niliyokaa Sofu. Mtoto kafurahi, mzazi kafurahi, nami nafsi imetulia kidogo. Sikuona ubaya wowote.

Kisha Mkurugenzi wa karakana zetu akanihamishia ile ya Kisarawe. "Kule wazazi bado hawajatuamini, Mama. Nenda ukawaonyeshe."

Huko nilimpata Mwanahawa, binti wa miaka kumi na moja aliyelelewa na babu yake, mkulima wa mihogo. Hakuwa mwepesi, lakini alikuwa king'ang'anizi, na nilimpenda sana. Babu yake hakupenda Jumamosi za shamba zipotelee karakanani.

"Nitakuja mwenyewe," alisema. "Nikiona anaweza, ataendelea. Asipoweza, tunarudi kwenye mihogo."

Jumamosi hiyo walikuwa wanaunda tochi ndogo. Mzee alikaa kwenye benchi la nje akisubiri kuitwa. Nilipochungulia bodi ya Mwanahawa niliona lehemu mbili mbichi. Watoto walipokwenda kunawa, nikazipasha zote mbili.

Mzee akaitwa. Mwanahawa akabonyeza, tochi ikawaka, babu akatabasamu. Mtoto hakutabasamu. Aliigeuza bodi, akaitazama kwa muda.

"Bibi, hizi si lehemu zangu. Zangu zilikuwa na madonge."

"Labda hukuangalia vizuri, mjukuu wangu," nikasema, nikiongeza kosa juu ya kosa.

"Niliangalia. Nilijua hazijaiva. Nilitaka nizirudie nikishanawa."

Mzee akanigeukia. "Mwalimu, umezigusa?"

"Nimezigusa."

"Basi nimetembea kote huku kuja kuona kazi yako." Akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka. Tochi ilibaki mezani inawaka, nami niliona aibu hata ya kuizima.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwao. "Shikamoo, mzee," nikasema, nikaanza kujieleza. Alinikatisha.

"Marahaba. Mimi nimeshasikia. Uliyemkosea yuko jikoni."

Nikaingia jikoni, nikamwomba radhi mtoto wa miaka kumi na moja, machozi yakinilenga. Alikuwa anamenya mihogo.

"Nimekusamehe, Bibi. Lakini Jumamosi usisogee mezani kwangu."

Huko nje nilimsikia mzee akicheka. Jumamosi walikuja wote wawili. Nilisimama mlangoni, mikono nimeibana kwapani, nikimsikiliza Mwanahawa akihesabu moja mpaka tatu kwa sauti. Alikosea mara nne. Kila alipokosea miguu yangu iliondoka yenyewe, nikairudisha. Babu alimsubiri. Mara ya tano tochi ikawaka, na mzee akaniuliza kipindi kijacho kinaanza saa ngapi.

Sasa nimestaafu, niko Visiga, macho yamepungua. Naambiwa nipumzike, lakini nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, nainjika chai na kuisahau. Mwanahawa hanipi shida, yule alijijua. Nawawaza wale wa Sofu, waliokwenda nyumbani na taa zinazowaka, wakijisifu kwa mama zao. Siku moja mmoja wao atakaa peke yake na pasi ya moto mkononi, taa itagoma, naye atadhani amesahau kitu alichokuwa anakijua. Hakuwahi kukijua. Mimi ndiye niliyemnyima, akiwa bombani ananawa.