Hisa za Mutanu Hazikuwa na Mdomo

Mutanu ni jirani yangu hapa Migwani. Tuliolewa mwaka mmoja, na sasa sote ni wajane. Kama unataka kumjua, angalia shamba lake. Mitaro yote ya kuzuia udongo aliichimba kwa mkono wake. Hata yangu aliichimba zaidi kuliko mimi, ingawa hilo sijawahi kumwambia.

Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, wanawake thelathini na wanane. Kwa mwethya sheria ni moja: aliyekuja na jembe ana mdomo. Awe na shamba kubwa, awe hana hata kuku, akitoa jasho anaongea na anasikizwa. Mutanu hakuingia shule hata siku moja, lakini sijaona mwanaume aliyemnyamazisha.

Aliyesoma ni mimi. Nilifika darasa la tatu. Bibilia ya Kikamba naisoma, polepole, na kanisani waliniita mwalimu. Kiingereza sijui. Hilo sikumwambia mtu.

Mzee Nzau alikuwa na kampuni ndogo ya familia pale sokoni, ghala na mashine ya kusafisha ndengu. Alipima kwa haki, si kama hawa mabroka, ambao gunia lako likipanda kwa mizani yao linakonda. Alipotaka kupanua ghala alikuja kwa mwethya akasema, "Nunueni hisa. Hii ndiyo karatasi. Kaeni nayo wiki nzima, msome vizuri ndio muweke sahihi." Hakutudanganya. Hilo nalisema kwa sababu amekufa, hawezi kujisemea.

Mutanu aliniletea karatasi jikoni. Ilikuwa ya Kiingereza. Mjukuu wangu Nthenya, wa sekondari, alinyosha mkono aisome. Nikamtuma maji. Mimi nisomewe na mtoto mbele ya Mutanu? Nikavaa miwani, nikapitisha kidole kwa mistari, nikageuza ukurasa.

"Inasema nini, Ndinda?"

"Inasema tutakuwa wenye kampuni."

"Na kuongea? Tutaongea?"

"Mwenye kitu si huongea?"

"Sijakuuliza wewe. Nimeuliza karatasi."

"Inasema tutaongea."

Mutanu akauza mtamba wake, ng'ombe wa pekee aliyekuwa naye, akanunua. Wengine walipoona mkubwa wao ameuza ng'ombe, wakauza mbuzi. Wote waliweka dole gumba pale chini ya karatasi. Mimi niliandika jina, herufi kubwa kubwa.

Miaka minne gawio la faida lilikuja, na ndengu zikapata pa kwenda. Mutanu akipita ghala, anainama kuokota takataka mlangoni. "Siwezi kuacha kwangu kukiwa kuchafu," anasema, na wapagazi wanamcheka, "Mkurugenzi amefika!" Yeye anawaambia wapange magunia vizuri kabla hajawafuta kazi.

Halafu Nzau akafa. Watoto wake, Kimeu na Yvonne, wakatuita ukumbi wa kanisa. Walitaka kufunga ghala la Migwani wapeleke mashine Kiboko, kando ya barabara kuu, malori yafike kwa urahisi. Kutoka kwetu hadi Kiboko, nauli ya gunia inameza gunia lenyewe.

Mutanu alizunguka boma kwa boma siku tatu. "Wao na mama yao ni watatu. Sisi ni thelathini na wanane. Hesabu hiyo hata mbuzi anaijua."

Siku ya kura alisimama, akanyosha mkono kukataa, na sisi sote tukanyosha. Yvonne hakuwa na dharau. Aliongea taratibu, akamwita susu, yaani nyanya.

"Susu, tunawaheshimu. Lakini hisa zenu hazina kura. Zenu ni za kupata gawio. Zenye kura ni za familia. Iko hapa, ukurasa wa pili."

Mutanu akacheka. "Msichana wa Nzau, umekosea. Sisi tulisomewa. Ndinda, mwonyeshe."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono ikanifikia. Niliishika. Ningeweza kusema ukweli wakati huo. Badala yake nikasema, "Hii si ile. Wameibadilisha."

Watu wakaanza kupiga kelele. Mama yao, mjane wa Nzau, akalia, kwa sababu nilikuwa nimemwita mumewe mwizi. Yvonne akaja mpaka mbele yangu, akaweka kidole pale chini.

"Susu, hili jina limeandikwa na nani?"

Lilikuwa langu. Juu yake yalikuwa madole ya wenzangu, yamejipanga.

Mutanu alinitazama, mkono bado juu. Kisha akaushusha na akakaa. Mikono mitatu ya familia ikainuka, Kimeu akasema imepita, na hao wakaenda zao.

Mutanu alitaka kuuza hisa zake arudishe mtamba. Kimeu alimwambia, "Susu, ukipata mnunuzi hatukatai." Aliuliza soko lote. Broka mmoja akamjibu, "Nikae huko nifanye nini, nisikilize wengine wakiamua?" Hakupata mtu. Gawio bado linaingia kwa simu, kidogo, na wanawake wanamlaumu yeye, si mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyewaongoza.

Nilienda kwake. Alikuwa anachagua mbegu kwenye uteo.

"Sema," akaniambia, bila kuinua kichwa.

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha. Mdomo ukakataa. "Nimekuja kuazima uteo," nikasema.

Akamwaga mbegu zake kwa leso, akanipa uteo.

Mvua ya Novemba imenyesha na mwethya haikuitwa. Kila mtu analima kwake. Mimi nimepanda nusu ya shamba, mgongo umekataa hiyo nusu ingine, na mtaro wa juu umebomoka. Ng'ambo ya ua namwona Mutanu akilima peke yake tangu asubuhi. Hainui macho. Ndengu zetu zitaiva wakati mmoja, ghala limefungwa, na mabroka wameshaanza kupita wakihesabu mashamba.