Midomo ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani wetu ameifuata bendi yake mji kwa mji miaka ishirini na sita, na siku zote husimama mbele kabisa. Si kiherehere. Mwimbaji amezeeka, husahau maneno, basi humtazama fundi midomo, naye humwimbia bila sauti.

Jumamosi iliyopita, kwa uchovu wa safari, fundi aliruka ubeti wa tatu. Mzee naye akauruka, wapiga gitaa wakabaki wanatazamana.

Onyesho lilipokwisha, fundi alimfuata, machozi yakimlengalenga. “Kaka, nimekuaibisha. Tafuta mwingine.”

“Ala! Mimi nasahau kila siku, unanivumilia. Wewe umesahau mara moja tu, unataka kunikimbia? Kesho simama palepale, dada. Ila ulale kwanza.”