Gari la Mama Neema na Tope la Rwamgasa

Gari jipya la bosi wangu, Mama Neema, lenye mbio na linalovuta kwa magurudumu yote manne, lingefika kweli machimboni Rwamgasa? Swali hilo lilininyima usingizi. Shimo lake la dhahabu lilijaa maji, wachimbaji walisubiri pampu, nami, dereva wa kuipeleka, nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Nikatazama video saba za gari hilo, kisha nikamhakikishia: "Litapita popote."

Njiani, pampu ikiwa nyuma, lilizama kwenye tope jeusi. Mkulima mwenye mkokoteni wa maksai akasimama.

"Shikamoo, baba. Linavuta kwa magurudumu yote manne."

"Marahaba. Naona yote manne yanachimba. Umepata dhahabu?"

Nilitunga uongo wa aina tatu wa kumwambia bosi. Mwishowe nikapandisha pampu mkokotenini, nikaketi kando ya mkulima, nikampigia Mama Neema: "Pampu inafika, mama. Gari lako ndilo halifiki."