Tundu la Sita la Bastola ya Baba

Baba alinikabidhi bastola mbele ya zizi la farasi. "Tupu hiyo, Luanne. Haya, zungusha tuone."

Jamani, ilikuwa na risasi nne.

Baba yangu, mzee Orval, ndiye aliyenifundisha mchezo huu hapa kwetu Wyoming. Unaizungusha bastola ya kizamani kidoleni, mbele, nyuma, kisha unaichomeka kwenye ala kiunoni. Si ya kumpiga mtu. Ni raha tu.

Nilifungua kilango cha pembeni kinachoonyesha matundu ya risasi, moja moja. La kwanza, tupu.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoumia. Wafugaji wa huku hujaza matano kati ya sita, tundu moja wanaliacha tupu chini ya nyundo isije ikajifyatukia. Ukiliona hilo moja, utaapa bastola haina kitu.

Nikasogeza la pili. Risasi hiyo.

"Baba! Nani kaweka risasi humu?"

"Risasi gani? We mtoto, acha utani."

Nyuma ya zizi kulikuwa na nyoka aliyepigwa risasi asubuhi ile. Kampiga baba mwenyewe, na hakumbuki.

Nilikaa chini nikalia. Ugonjwa wa kusahau ulishamnyang'anya jina la mama, njia ya mjini, kila kitu. Mchezo huu ndio pekee uliobaki. Nikimnyima, nimemzika akiwa hai. Nikimwachia, iko siku atajiua au ataniua mimi.

Nikaipeleka bastola kwa fundi, akang'oa pini inayogonga risasi, isifyatuke tena. Risasi zenyewe nikazifungia kwa jirani.

Jumapili nikamrudishia, roho mkononi. Akanitazama.

"Wewe ni nani, dada?"

Nikamnyooshea tu bastola.

Akaipokea, mtutu chini. Akafungua kilango, akasogeza tundu moja moja mpaka la sita. Kisha akanipa.

"Angalia na wewe. Hapa haizungushwi mpaka watu wawili waone."

Nikaangalia, machozi yananitiririka.

"Sasa unalia nini? Nina binti yangu, Luanne. Yule haishii tundu la kwanza hata umdanganye vipi. Nimemfundisha mwenyewe."

Ndugu zangu mnaoupenda mchezo huu: matundu yote sita, macho ya watu wawili, risasi zikae mbali kabisa. Mtu akikwambia iko tupu, hata awe mzazi wako, angalia.

Wangu ndiye aliyenifundisha nisimwamini hata yeye.